Kati ya Ni na Si

Jumatano, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa Juni, mwaka elfu mbili na kumi na tatu, fundi wa maandishi ya ukutani alirudi nyumbani mapema akiwa na ndoo mbili za rangi, brashi tatu ambazo hazijawahi kuguswa, na uso wa mtu aliyesahau kununa. Mkewe alikuwa ameketi sakafuni akitenga mashati ya mitumba, yenye vifungo huku, yasiyo na vifungo kule. Alimtazama mara moja tu, akajua.

"Kazi imepatikana."

"Imepatikana, tena si kibao cha kinyozi! Ni ukuta mzima wa soko jipya, upande wa lango kuu. Herufi zenye kimo cha mtoto wa shule."

"Mungu si Athumani," mke akasema, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Alikuwa na sababu ya kucheka. Tangu mashine za kuchapa mabango ya plastiki ziingie mjini, watu waliendelea kumwita mumewe Fundi Herufi, lakini walimwita hivyo kama wanavyomwita mzee aliyestaafu "mkuu", yaani kwa heshima isiyo na mshahara. Chakula cha nyumba ile kilikuwa kinatoka kwenye mashati haya ya sakafuni. Na yule mwanamke, ambaye wachuuzi wenzake walimchagua kuwa mwenyekiti wao, alikuwa amejifunza kumpa mumewe nauli bila kumtazama usoni, ili asimwone akipokea.

"Unaandika nini hasa?"

Fundi akaziweka ndoo chini, akazisogeza, kisha akazirudisha pale pale zilipokuwa.

"Maneno ya Mheshimiwa."

"Mheshimiwa yupi?"

"Mstaafu. Soko linapewa jina lake Jumamosi ya wiki ijayo. Katibu wa soko ndiye aliyechagua maneno. Ni matatu tu."

"Yapi?"

"Wachuuzi si kupe."

Shati lililokuwa mkononi mwa mkewe halikwenda upande wenye vifungo wala upande usio na vifungo.

Hapana mchuuzi wa mji ule asiyejua sentensi hiyo, wala asiyejua dada yake. Miaka mingi kabla, mzee huyo alipokuwa meya, alisimama jukwaani akasema: "Wachuuzi ni kupe. Wamejibandika mgongoni mwa mji, wanaunyonya damu." Mchana redio ikayarudia. Kesho yake mgambo waliteremka barabarani na virungu, na kila waliyempiga walimpiga kwa jina hilo: kupe, toka! Nguo zikachomwa kando ya mtaro. Baadaye, nywele zilipoanza kumgeuka rangi, mtu yule yule akawa mbunge, akasimama kwenye jukwaa jingine akasema: "Wachuuzi si kupe." Akagombana na wenzake, akatafuta fedha, akapigania kiwanja, na mwishowe soko lenye paa, maji na vyoo likajengwa. Mwenyekiti alikuwa na kizimba chake ndani ya soko hilo. Mvua ikinyesha alikaa pakavu kwa sababu ya mtu aliyewahi kuwaachia mgambo.

"Baba," akamwambia mumewe taratibu, "nikikutana na mtu njiani, simjui hanijui, nikamwambia, 'Mama yako si mchawi,' nitakuwa nimemsifu?"

Fundi alianza kucheka. Kisha kicheko kikamwishia mdomoni.

"Atauliza ni nani aliyesema ni mchawi," mke akaendelea. "Utaandika 'si' kubwa kama mlango, na kila apitaye atasikia 'ni'. Mtoto atakayezaliwa mwakani, ambaye hajui lolote, atajifunzia kusoma pale. Neno la kwanza atakalolijua kutuhusu litakuwa kupe."

"Mama watoto, mimi ni brashi tu. Maneno ni ya wenyewe."

"Wenyewe ni sisi."

Wakati huo binti yao akaingia. Alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati, msichana mkubwa, mpole, mwenye kupenda kufunga kitambaa shingoni hata siku za joto kali. Alisikiliza shauri lote akiwa amesimama na viatu vyake mkononi.

"Mama, lakini mzee amegeuka," akasema. "Wangapi wanageuka? Wengine wanakufa na maneno yao mabaya mdomoni, tunawapigia saluti. Huyu amerudi nyuma, halafu tunamfungia mlango?"

"Sijamfungia mlango."

"Mimi mwenyewe nimeshamsamehe."

"Umemsamehe," mama akasema, "basi mbona shingo yako bado inavaa kitambaa?"

Alijuta papo hapo. Binti akaingia chumbani. Alipokuwa darasa la tatu, wanafunzi wenzake walikuwa na mchezo wa kumwendea kwa nyuma, kumfinya shingoni kwa kucha mbili, na kupiga kelele, "Nimemtoa mmoja!" Mwalimu alicheka pamoja nao.

*

Asubuhi mwenyekiti alikwenda ofisini kwa katibu wa soko. Aliwekwa kwenye benchi la nje. Wakapita wenye mashati yaliyoshonwa vizuri, wakaingia. Akapita muuza barafu, naye akaingia, kwa kuwa katibu aliona kiu. Alipoitwa, katibu hakumwambia kaa.

"Mama wa mitumba, karibu. Umekuja kuhusu shada la maua? Wewe ndiwe utakayemvika Mheshimiwa. Vaa kitu kizuri, lakini kisiwe cha dukani kwako," akacheka peke yake.

"Nimekuja kuhusu ukuta, Katibu. Lile neno kupe liondoke. Yeye alifanya mengi mema, aandikwe hayo. Aandikwe kwamba alijenga soko."

"Alijenga! Kila mwenye cheo anajenga. Maneno ndiyo yanayobaki, mama. Hayo matatu yalitoka hata kwenye magazeti ya nje. Isitoshe, maana yake ni nzuri. Pale pana 'si'. 'Si' ni kukanusha. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua."

"Nalijua pia. Lakini anayekanusha ni yule aliyesema. Mbona hamwandiki kwamba alisema?"

Katibu akafunga faili ambalo hakuwa amelisoma.

"Nikueleze jambo kwa wema. Mumeo ni fundi mzuri, nimempa kazi kwa kumhurumia. Mashine zipo. Nikipiga simu sasa hivi, bango la plastiki la ukuta mzima litafika kabla hujafika kizimbani kwako, na malipo ya awali fundi atayarudisha. Sasa niambie: wachuuzi wana neno, au hawana neno?"

Malipo ya awali yalikuwa yamekwisha kugeuka rangi, brashi, na kodi ya nyumba ya mwezi uliopita. Mwenyekiti alisimama akiitazama picha ya sherehe iliyobandikwa ukutani, watu wote ndani yake wakicheka kwa meno.

"Wachuuzi wana neno," akasema. "Wakilipata nitakuletea."

Barabarani alitembea kama mtu mwenye haraka, ingawa hakuwa na pa kwenda haraka. Alikuwa amejua kusimama mbele ya mgambo wenye virungu. Lakini kusimama kati ya mumewe na brashi yake, hilo hakuwa amelijaribu bado.

Mchana ule alimpelekea chai ukutani. Fundi alikuwa juu ya ubao uliofungwa kwenye nguzo, kamba yenye chaki ikiwa imenyooka kutoka mwisho hadi mwisho. Alikuwa akipuliza vumbi la ukuta kwa mdomo, kama mtu anayepoza uji wa mwanawe, na mkewe akakumbuka kwa nini alimpenda.

"Nimetoka kwa katibu."

"Nimesikia. Amepita hapa akiwa anatabasamu vibaya." Fundi hakugeuka. "Unataka niteremke? Sema tu. Nitateremka."

Alingoja jibu huku mgongo wake ukiwa umekakamaa. Mkewe aliutazama mgongo huo kwa muda.

"Usiteremke," akasema. "Andika."

*

Fundi Herufi alikuwa na mtindo wake wa kazi. Sentensi ndefu hakuianza mwanzo akaimaliza mwisho, kwani wanaofanya hivyo hujikuta wamebananisha herufi za mwisho kama abiria. Yeye alianza pande zote mbili kwa pamoja, akaja akikutana na nafsi yake katikati. Basi akaandika W upande wa kushoto, kisha E upande wa kulia. Akarudi, akaenda, akarudi. Kufikia Ijumaa saa nane za mchana, ukuta ulikuwa na WACHUUZI yenye rangi ya buluu iliyokolea, na KUPE yenye rangi hiyo hiyo, na katikati yake nafasi ya herufi mbili.

Hapo akateremka.

Hakuna aliyemwambia ateremke. Aliosha brashi, akazikausha, akaziosha tena. Akaongeza kivuli kwenye herufi ya A, ingawa haikuhitaji kivuli. Akaketi kwenye ndoo akatazama nafasi ile kama mtu anayetazama kisima.

Watu hawakukawia kuona. Mama Viatu, ambaye kizimba chake kilikuwa jirani na cha mwenyekiti, alikuja mikono kiunoni.

"Shoga!" akapaza sauti. "Njoo umwone mumeo! Ametuachia pengo kama mtoto wa miaka saba! Fundi, jino la mbele umelimeza?"

"Rangi haijakauka," fundi akasema.

"Jua hili, rangi haijakauka? Hata mimi nimekauka!"

Wanunuzi wakasimama. Wachukuzi wakatua mizigo yao. Kila aliyefika alisoma, na kusoma kwao kukawa kioja, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja aliyenyamaza pale penye pengo. Midomo ilijaza yenyewe.

Gari jeusi lililokwishapitwa na mtindo likasimama ng'ambo ya barabara. Akashuka mzee mrefu mwenye fimbo, koti lake likiwa pana kuliko mabega yaliyobaki. Alikuwa amekuja kuuona ukuta wake kabla ya siku ya sherehe, bila kumwambia katibu, kama mtu anavyojaribu nguo mpya akiwa peke yake. Wapita njia hawakumtambua upesi. Picha zake zilizobandikwa kila mahali zilikuwa za mtu mwenye mashavu.

Akasimama nyuma ya mchukuzi mmoja mnene aliyekuwa akipumzika juu ya gunia lake. Mchukuzi akasoma kwa sauti, akifuata kwa kidole hewani: "Wachuuzi. Ni. Kupe."

"Umesoma nini, ndugu yangu?" mzee akauliza.

"Wachuuzi ni kupe."

"Hiyo 'ni' umeiona wapi?"

Mchukuzi akakaza macho. "Ala! Kweli haipo." Akajikuna. "Lakini si ndivyo alivyosema yule mzee mwenyewe? Sasa atakuwa anataka iandikwe nini kingine?"

"Aliwahi kusema pia 'si'."

"Labda. Hiyo mimi siikumbuki. Siku ya 'ni' nilikuwa na mkokoteni, mzee wangu. Wakauchoma. Siku ya 'si' sikuwa na kitu cha kunikumbusha."

Alisema bila chuki, kama anavyosema mtu habari za mvua ya mwaka mwingine. Akainua gunia lake, akaenda zake. Mzee akabaki ameshika fimbo kwa mikono miwili. Fundi, ambaye alikuwa amemtambua tangu aliposhuka, akainuka kutoka kwenye ndoo yake.

"Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba. Kwa nini hujamaliza?"

Fundi akatafuta uongo, asiupate.

"Mke wangu ni mchuuzi," akasema.

*

Mheshimiwa alifika nyumbani kwa fundi Jumapili jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, katibu akimfuata nyuma na mkoba. Alikaribishwa kwenye kiti cha plastiki chenye ufa, na fundi alijua ufa huo kwa uchungu, akasimama karibu nacho tayari kumdaka mtu mkubwa akianguka. Binti alileta maji kwa bilauri iliyokuwa nzima. Mwenyekiti hakuacha kutenga nguo zake.

"Shikamoo, mzee. Samahani, kesho ni siku ya soko, nisipotenga leo nitauza shati kwa bei ya kitambaa cha deki."

"Marahaba, mama. Endelea." Akanywa maji. "Nimeambiwa wewe ndiye uliyeusimamisha ukuta."

"Ukuta umesimama wenyewe. Mimi niliuliza swali."

"Mheshimiwa," katibu akaingilia, "suala hili dogo tungelimaliza ofisini. Mama huyu hajaelewa tu maana ya..."

"Katibu, kunywa maji," mzee akasema. Kisha akamgeukia tena mwenyekiti. "Unataka pasiandikwe kitu?"

"La. Mwanzoni nilitaka hivyo, nilikwenda kumwomba Katibu alifute lile neno. Lakini nilikosea. Lisipoandikwa, litaendelea kuandikwa midomoni. Ulisikia mwenyewe. Sasa nataka paandikwe yote."

"Yote, maana yake na lile la kwanza."

"Na lile la kwanza."

"Hilo halienei kwenye ukuta wa heshima!" katibu akasema.

"Linaenea," fundi akasema, naye akajishangaa kusikia sauti yake. "Ukuta una nafasi juu na chini. Nitapunguza kimo cha herufi za mistari mingine."

Mzee akacheka kidogo, bila furaha. "Mama, mimi nimebakiza siku chache. Watu wote huandikwa mema yao. Nina wajukuu. Unataka wapite pale walisome lile neno chini ya jina la babu yao?"

"Binti yangu alilisoma akiwa darasa la tatu."

Mzee akamtazama binti, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nilikusamehe zamani, Mheshimiwa. Juzi nimegombana na mama kwa ajili yako."

"Ahsante, mwanangu."

"Lakini nilikusamehe bila kuombwa," binti akasema. "Msamaha wa namna hiyo ninao, mzee, ila sijui niuweke wapi."

Mwenyekiti aliacha kutenga nguo. Hakuwa amejua kwamba mwanawe alikuwa na maneno hayo.

"Nikuulize, mzee," akasema, na safari hii kwa upole. "Wewe umegeuka, hilo naliona, soko ninalikalia. Ulipogeuka, ulianza na mdomo au ulianza na moyo?"

Katibu akafungua kinywa. Mzee akamwinulia fimbo kidogo tu.

"Nilianza na mdomo," akasema. "Nilikuwa nimeshindwa uchaguzi mmoja, na nyinyi mlikuwa wengi. Msaidizi wangu akaniambia, ukisema 'si' utapata kura zao. Nikasema. Makofi yalinitisha. Basi ikabidi nije sokoni, kwa kuwa nilikwisha kusema. Nikaketi nanyi kwenye mavumbi, nikamwona mwanamke akinyonyesha huku anarudisha chenji. Neno lilitangulia, moyo ukafuata nyuma ukichechemea. Lakini ulifika. Naapa ulifika."

"Na lile la kwanza? 'Ni'?"

Mzee akaiweka bilauri sakafuni.

"Lile la kwanza, mdomo na moyo vilikwenda pamoja."

Fundi akainamisha kichwa. Ilikuwa kana kwamba mgeni amevua nguo mbele yao. Mwenyekiti, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa ametayarisha jibu kali la siku kama hii, alilitafuta akaliona limekuwa jepesi.

"Nashukuru hukunidanganya," akasema.

"Sasa nifanyeje? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki, mzee wangu. Lakini aliyeyamwaga anaweza kupiga deki."

Mheshimiwa akaitafuta fimbo yake. Alisimama kwa shida, kiti kikalia, fundi akanyoosha mikono. Hakusema ndiyo wala hapana. Mlangoni katibu alibaki nyuma kidogo, akamnong'oneza mwenyekiti bila kusogeza midomo: "Kesho napiga simu kwa watu wa mashine. Umefurahi sasa?"

Usiku ule wakakaa kula. Hatimaye fundi akasema, "Nitazirudishaje zile fedha sijui. Lakini ningeandika 'si' nikiwa nimekuona unavyoniangalia, mkono usingenyooka."

"Tutauza mashati," mke akasema. "Yenye vifungo na yasiyo na vifungo."

*

Jumatatu asubuhi watu wa mashine walifika na bango lao limekunjwa kama jamvi. Walimkuta Mheshimiwa amekwisha kufika. Alikuwa ameketi kwenye kiti alichoazima kwa Mama Viatu, katikati ya njia, chini ya ukuta, juani.

"Mtalibandika mkinipanda mimi," akawaambia kwa adabu, nao wakaenda kuvuta sigara.

Akamwita fundi aliyekuwa amekuja kukusanya ndoo zake. Walizungumza kwa sauti ya chini. Fundi akatikisa kichwa, akauliza jambo, akatikisa tena. Kisha akavua shati la nje, akapanda kwenye ubao wake. Ubao ulikuwa bado umefungwa kwenye kimo cha mstari ule uliokuwa na pengo, kwa hiyo akaanzia hapo. Akachovya brashi. Mkono ulikuwa umenyooka.

Akaandika N.

Kelele iliyotoka sokoni haikuwa ya kicheko. Wanawake walitoka vizimbani. "N! Ameandika N!" "Fundi, umenunuliwa kwa bei gani?" "Mwenyekiti yuko wapi? Mumewe anatuuza!" Fundi akaandika I. Sasa lile neno la kale lilikuwa wazi juu ya lango lao, buluu, zuri, lenye herufi zilizopangika vizuri kuliko lilivyostahili: WACHUUZI NI KUPE. Mama Viatu akainua kiatu cha kushoto, kwani cha kulia alikwisha kukiuza, akalenga.

Mwenyekiti akafika akihema. Alisoma ukuta. Akamwona mumewe kwa mgongo, akamwona mzee kitini ameinamisha kichwa huku matusi yakimpita juu, wala hajitetei, wala haelezi. Mama Viatu alimshika mkono. "Shoga, tuuvunje?"

Angeweza kusema neno moja tu, na ukuta ungekuwa umevunjwa kabla ya saa sita.

"Mwacheni amalize," akasema. Kisha kwa sauti iliyozoea kuita wateja: "Nimesema mwacheni amalize! Tangu lini mnasoma mstari mmoja mkaondoka?"

Wakamwacha, wakinung'unika. Fundi akahamisha ubao juu. Pale akaandika kwa herufi ndogo zaidi: NILISEMA. Minong'ono ikapungua. Akauteremsha ubao chini kabisa, na watu wakasogea hata wakawa karibu kumgusa miguu. Safari hii hakuanza pande mbili. Neno hili aliliandika tangu mwanzo hadi mwisho, moja kwa moja, nao wakalisoma kadiri lilivyokuwa likitoka, silabi kwa silabi, hata wale waliokuwa hawajui kusoma wakilipokea masikioni kwa jirani zao:

NILIKOSEA.

"Na jina langu liandike chini yake," mzee akasema, "asije mtu akadhani ni wewe uliyekosea."

Katibu alikuwa amefika mbio, tai ikiwa begani. "Mheshimiwa, wageni wa heshima watasema nini?"

"Watasema nilikosea. Huenda ikawa mara ya kwanza wageni wa heshima kusema kweli jukwaani."

Hapo watu wakacheka, lakini cheko likakatika katikati, kwa maana hakuna aliyejua kama wameruhusiwa. Binti wa fundi, aliyekuwa amechelewa kazini kwa makusudi, akapenya hadi kwenye kiti. Mzee akaiweka fimbo chini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno machache ambayo hakuna aliyeyasikia ila yeye. Hayakuandikwa popote, na binti hakuwahi kuyarudia, hata kwa mama yake.

Mnunuzi mmoja mgeni, mwanamke aliyekuja kutafuta sare za watoto wake, alikuwa amesimama akisoma tangu juu hadi chini. "Samahanini," akasema, "kwa hiyo wachuuzi si kupe?"

Mama Viatu akafungua mdomo amjibu. Mwenyekiti akamzuia kwa kiwiko.

"Muulize mwenye jina lake pale."

Macho yote yakamgeukia mzee. Alijiinua kitini bila fimbo, akasimama kama alivyokuwa akisimama majukwaani enzi zile, mabega nyuma, kidevu juu. Lakini hakuwa na kipaza sauti, wala hotuba, wala kura ya kuomba.

"Si," akasema.

Neno lenyewe lilikuwa fupi, na soko zima lilikuwa kimya, kwa hiyo lilisikika hadi kwa wauza ndoo.

Nawe uliyesoma hadi hapa, bila shaka unaye jirani asiyejua kusoma, au aliye na haraka. Mketishe, umsomee. Ila usimwache aende zake kabla hujafika mstari wa chini.